Jeti Zilivyopata pa Kutua Baharini

Desemba 1945: sitaha ya HMS Ocean

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imemalizika miezi mitatu tu iliyopita. Tarehe 3 Desemba 1945, Luteni Kamanda Eric Brown, Mskoti wa miaka 26, aliielekeza ndege yake kwenye sitaha ya manowari ya ndege HMS Ocean, kusini mwa Uingereza. Bahari ilikuwa imechafuka na tezi ya meli ilikuwa ikipanda na kushuka. Ndege aliyokuwa akiirusha, de Havilland Sea Vampire, haikuwa na propela. Mpaka siku hiyo hakuna ndege inayotegemea jeti peke yake iliyokuwa imewahi kutua juu ya meli. Brown akaishusha, kulabu ya mkiani ikanasa waya, ndege ikasimama. Baadaye akaondoka tena na kurudi tena, kama vile ni kazi ya kila siku.

Kwake karibu ilikuwa hivyo. Alipofariki mwaka 2016 alikuwa amerusha aina 487 za ndege na kutua kwenye manowari mara 2,407, na rekodi zote mbili hakuna aliyezivunja. Kwa sababu hiyohiyo, kutua kwake hakukuthibitisha mengi. Kulionyesha kwamba jeti inaweza kutua baharini ikiwa mikononi mwa mtu kama yeye. Swali gumu zaidi lilihusu rubani wa kawaida, kijana wa miaka 23 anayerudi usiku, amechoka, mafuta yanakaribia kuisha. Ilichukua karibu miaka kumi kumpatia jibu, na jibu lenyewe halikutoka kwenye ndege. Lilitoka kwenye meli. Filamu hupenda marubani na miwani yao ya jua, lakini historia ya jeti za baharini kwa sehemu kubwa ni historia ya sitaha.

1946–1951: sitaha iliyonyooka

Zamani za propela, kutua kulikuwa na ukatili wake lakini kulieleweka. Afisa alisimama pembeni mwa sitaha, karibu na tezi, akiwa na vibao viwili mikononi, akimwelekeza rubani apande, ashuke au anyooshe mabawa. Mwisho alimpa ishara ya kuzima nguvu, ndege ikaanguka kwenye nyaya. Rubani akikosea kabla ya hapo, alisukuma kishikio cha mafuta na injini ikaitikia papo hapo.

Injini ya jeti za mwanzo haikuitikia hivyo. Rubani aliiomba nguvu, kisha akasubiri sekunde kadhaa ndipo ije. Juu ya hayo, jeti ilikuja kwa kasi kubwa na uzito mkubwa. Afisa wa vibao alikuwa na muda mfupi mno wa kuona kosa, kuamua na kuashiria, na rubani alikuwa na muda mfupi zaidi wa kutii. Sitaha nayo ilikuwa imenyooka kutoka tezi hadi omo. Mbele ya nyaya kilisimamishwa kizuizi, na nyuma ya kizuizi ziliegeshwa ndege zilizokwisha kutua, zikiwa na mafuta, silaha na mafundi waliokuwa wakizishughulikia. Kulabu ikikosa nyaya, hapakuwa na pa kwenda ila huko.

Wamarekani walijaribu yao Julai 1946, Luteni Kamanda James Davidson alipoitua McDonnell Phantom ya kwanza juu ya USS Franklin D. Roosevelt. Waingereza nao wakapata wazo la ajabu: ndege isiyo na magurudumu kabisa, itue kwa tumbo juu ya sitaha ya mpira. Brown ndiye aliyelijaribu, kama kawaida. Katika jaribio la kwanza la nchi kavu, huko Farnborough mwishoni mwa 1947, ndege iliharibika, naye akatoka mzima. Mwaka 1948 alifanikiwa mara nyingi juu ya HMS Warrior. Tatizo lilikuwa baada ya kutua: ndege isiyo na magurudumu ikishalala juu ya mpira, nani ataisogeza ili nyingine ije? Na ikibidi ishuke kwenye uwanja wa nchi kavu, itakuwaje? Wazo likaachwa.

1950–1953: Korea

Vita havikusubiri sitaha zitengenezwe. Tarehe 3 Julai 1950, ndege za Grumman F9F Panther kutoka USS Valley Forge zilishambulia Pyongyang na kuangusha ndege mbili za Korea Kaskazini zilizotumia propela. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa jeti za Jeshi la Wanamaji la Marekani angani. Miezi michache baadaye ikaja MiG-15 ya Kisovieti, yenye mabawa yaliyolazwa nyuma, na Panther yenye mabawa ya kunyooka ikaachwa nyuma kwa kasi na kwa uwezo wa kupanda. Ilibaki na kazi ya kupiga madaraja, reli na malori, ikipita chini mahali ambapo kila bunduki iliweza kuifikia. Kijana mmoja wa USS Essex aligonga waya uliotandazwa kuvuka bonde, ukakata sehemu ya bawa. Akafanikiwa kuirudisha ndege upande wa wenzake, akajirusha nje. Alikuwa Neil Armstrong, mtu atakayekanyaga mwezi mwaka 1969.

Kisa cha Royce Williams kilichukua muda mrefu zaidi kusikika. Tarehe 18 Novemba 1952, katika theluji na mawingu, Luteni Williams aliondoka na wenzake watatu kutoka USS Oriskany, kwenye bahari iliyokaribiana na Vladivostok. MiG saba zikatokea. Wawili kati ya wale wanne walirudi melini kwa hitilafu ya ndege, na punde Williams akajikuta karibu peke yake. Alipigana kwa takriban nusu saa na Panther yake iliyozidiwa kasi, akaangusha ndege nne. Yake ilipigwa vibaya, na mafundi baadaye walihesabu matundu 263. Kujirusha kwenye maji ya barafu kungekuwa kifo, kwa hiyo ilimlazimu kutua. Ndege haikukubali kuongozeka ikishuka chini ya kilomita 315 hivi kwa saa, kasi iliyozidi sana ile ya kawaida, na nahodha wa Oriskany akaizungusha meli nzima ili ielekee upande ambao rubani aliweza kuja. Akanasa waya.

Kisha akaambiwa anyamaze. Marubani wa zile MiG walikuwa Warusi, na rasmi Muungano wa Kisovieti haukuwa vitani. Washington haikutaka vita hivyo vipanuke, wala haikutaka ijulikane kwamba mawasiliano ya Warusi yalikuwa yakisikilizwa. Mshindi na mshindwa walikuwa na sababu moja ya kuficha. Williams alinyamaza kwa miaka zaidi ya arobaini, hata nyumbani kwake. Mafaili yalipofunguliwa baada ya kuanguka kwa Muungano wa Kisovieti, mambo yakaanza kutoka kidogokidogo. Mwaka 2023, akiwa na miaka 97, ndipo alipovishwa nishani ya Navy Cross.

1951–1955: majibu matatu

Huku vita vikiendelea, Waingereza watatu, wasio na fedha nyingi nyuma yao, walikuwa wakitatua tatizo la sitaha.

Wa kwanza ni Kapteni Dennis Cambell. Katika kikao cha Agosti 1951 alitoa pendekezo ambalo, alivyosimulia mwenyewe, lilipokelewa kwa ubaridi: sehemu ya kutulia ipindishwe mshazari, kuelekea kushoto. Kwa njia hiyo rubani atakayekosa nyaya atakuta mbele yake bahari tupu, aongeze nguvu, aruke tena na kuzunguka. Mhandisi Lewis Boddington aliona thamani yake na akalifanyia kazi. Februari 1952 mistari mipya ilichorwa kwa rangi tu kwenye sitaha ya HMS Triumph, marubani wakaijaribu. Wamarekani walichora yao kwenye USS Midway, kisha wakafanya lile ambalo London haikuweza kulifanya kwa haraka: wakaikata na kuijenga upya USS Antietam, na Januari 1953 ndege zikaanza kutua kwenye sitaha ya kweli ya mshazari. Ndiyo maana hadi leo rubani anapogusa sitaha husukuma nguvu zote badala ya kuzipunguza. Kulabu ikinasa, ndege inasimama huku injini ikinguruma bure. Ikikosa, tayari ana kasi ya kuondoka.

Wa pili ni Nicholas Goodhart. Alitaka kumwondoa yule afisa wa vibao katikati ya jicho la rubani na meli. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba aliweka kioo cha kujipambia mezani, akakichora mstari kwa rangi ya mdomo, akamwomba katibu muhtasi asogee huku akihakikisha taswira ya kijiti cha rangi hiyo haitoki kwenye mstari. Akasogea mpaka kidevu kikagusa meza. Kifaa chenyewe kilikuwa kioo kikubwa kilichopinda, kilichotulizwa kisifuate mawimbi, chenye taa za kijani pande mbili. Rubani aliona mpira wa mwanga. Ukiwa juu ya zile taa, amepanda mno. Ukiwa chini, yuko hatarini kuigonga tezi.

Wa tatu ni Colin Mitchell, mhandisi wa Edinburgh, aliyeshughulikia kuondoka badala ya kutua. Manati za kurushia ndege zilitumia mafuta mazito yaliyoshindiliwa kwa nguvu nyingi, na zilikuwa zimefika ukomo wake. Mitchell alitumia mvuke wa boila za meli yenyewe, ukisukuma pistoni ndani ya mitungi mirefu iliyozikwa chini ya sitaha. Manati yake ilijaribiwa juu ya HMS Perseus, na mwaka 1952 Waingereza wakaipeleka meli hiyo Marekani, wenyeji wajionee. Wakaona, wakanunua haki ya kuitengeneza. Ajali ilikuja kuwasukuma zaidi. Tarehe 26 Mei 1954 mafuta ya manati ya zamani yalilipuka ndani ya USS Bennington na kuua watu 103.

Mwaka huohuo wa 1954 wanamaji wa Marekani na kikosi chao cha Marine walipoteza ndege 776 na watu 535, na vita vya Korea vilikuwa vimeshakwisha. Ni takwimu ya mazoezi na safari za kawaida. Baada ya sitaha ya mshazari, kioo na manati ya mvuke kuenea, idadi hizo zilianza kuporomoka.

1958–1963: ndege kubwa, meli ndogo

Waingereza waliovumbua hayo walibaki na meli za wakati wa vita, fupi na nyembamba, na sasa walitaka kuziwekea ndege zinazozidi kuwa nzito. Supermarine Scimitar ilikuwa kubwa na yenye kelele ya kutisha. Zilijengwa 76, zikapotea 39. Septemba 1958 kikosi cha kwanza kilipofika kwenye HMS Victorious, waandishi wa habari walikuwa wamealikwa. Kamanda John Russell, mkuu wa kikosi hicho, alitua vizuri kabisa, kisha waya ukakatika. Ndege ikaserereka taratibu hadi ukingoni na kuanguka. Ilielea kwa muda, helikopta ikiwa juu yake, lakini kifuniko cha chumba cha rubani hakikufunguka. Russell alizama mbele ya kamera.

Sea Vixen ilikuja ikiwa na historia ya damu tayari, kwani ndege ya mfano iliyoizaa ilivunjika angani kwenye maonyesho ya Farnborough mwaka 1952, ikaua wawili waliokuwa ndani na watazamaji 29. Zilijengwa 145, na zaidi ya theluthi moja ziliishia kwenye ajali. Rubani aliketi juu kushoto, akiona dunia. Mwongoza rada alizikwa chini kulia, kwenye nafasi ya giza ambayo wenyewe waliita shimo la makaa. Katika usiku wa kutua, mtu huyo alisoma namba kwa sauti, asione kinachokuja.

Januari 1964: Dar es Salaam

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito nje ya Dar es Salaam waliwakamata maafisa wao Waingereza, wakidai mishahara bora na maafisa Waafrika. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa na siku nane tu. Maasi yakafika Tabora, na ndani ya wiki hiyohiyo askari wa Uganda na Kenya nao wakagoma.

Manowari ya ndege ya Uingereza, HMS Centaur, ilikuwa Aden. Ilipakia askari wa 45 Commando na magari yao kwa haraka, juu ya sitaha na ndani ya karakana ambako kwa kawaida hukaa Sea Vixen za kikosi cha 892, ikaelekea kusini. Mwalimu Nyerere alipoomba msaada rasmi, meli ilikuwa tayari nje ya pwani. Alfajiri ya tarehe 25, manowari HMS Cambrian ilifyatua mizinga kuwababaisha waasi, helikopta zikashusha wanajeshi karibu na kambi, na Sea Vixen zikalinda angani. Upinzani uliisha mapema asubuhi hiyo, na Tabora wakasalimu amri bila mapigano.

Sea Vixen ilibuniwa kusaka ndege za Kisovieti usiku juu ya Atlantiki. Kazi iliyoifanya hapa ilikuwa kupiga kelele juu ya minazi. Hapo ndipo siri ya manowari ya ndege inapoonekana: Waingereza hawakuhitaji kuomba uwanja kwa yeyote, wala kusubiri nchi jirani iruhusu wapite. Nyerere hakuficha uchungu wa kulazimika kuwaita watawala wa jana. Alitaka waondoke upesi, na baada ya kikao cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika nafasi yao ilichukuliwa na Wanigeria. Jeshi la zamani likavunjwa, Jeshi la Wananchi likaundwa tarehe 1 Septemba 1964, na Colito ikawa Lugalo. Kwa wengi wetu historia ya Lugalo huanzia kwenye madai ya mishahara. Mara chache tunaiangalia kutoka upande wa baharini.

1966: Beira, na hesabu za London

Miaka miwili baadaye manowari za Waingereza zilirudi kwenye maji haya. Rhodesia ya Ian Smith ilikuwa imejitangazia uhuru, na Uingereza ikataka kuzuia mafuta yasifike bandari ya Beira. Machi 1966 HMS Ark Royal ilianza doria kwenye Mlango wa Msumbiji, ikapokewa na HMS Eagle, iliyokaa baharini mfululizo zaidi ya miezi miwili. Rubani alirushwa kwa manati kutwa mara kadhaa ili kusoma jina la meli ya mafuta. Mafuta yakaingia Rhodesia kwa njia nyingine.

Muda mfupi kabla ya doria hiyo kuanza, Februari 1966, Waziri wa Ulinzi Denis Healey alikuwa ametangaza kufuta ujenzi wa manowari mpya, CVA-01. Waziri wa Wanamaji, Christopher Mayhew, na mkuu wao, Admirali David Luce, wakajiuzulu. Jeshi la anga lilikuwa limedai kwamba ndege kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi, kikiwemo Aldabra, zingefanya kazi ileile kwa gharama ndogo. Kiwanja cha Aldabra hakikujengwa, na ndege zilizokusudiwa hazikununuliwa. Naona hukumu ya Healey ilikuwa na mantiki ya fedha, lakini hoja aliyopewa kuitetea ilikuwa ramani tu.

1965–1976: Wamarekani na Phantom

Wamarekani walikuwa na fedha, na meli zao zilikua kadiri ndege zilivyokua. Huko Vietnam ndege yao kuu ilikuwa F-4 Phantom, ya watu wawili, yenye nguvu nyingi na isiyo na mzinga. Walioichora waliamini kombora litamaliza kazi kabla adui hajaonekana kwa macho. Makombora yakakosa, mara nyingi mno, na marubani hawakuwa tena na ujuzi wa kupigana kwa karibu. Taarifa ya Kapteni Frank Ault ilisema hivyo bila kupaka sukari, na Machi 1969 ikazaliwa shule ya Topgun huko Miramar, California, ikianzia kwenye trela na samani za kuokoteza. Uwiano wa ndege za adui zilizoangushwa kwa kila moja ya wanamaji ulipanda kutoka mbili na ushee hadi karibu kumi na mbili vita vilipofika 1972.

Jambo dogo la wakati huo linanivutia kuliko hesabu hizo. Madaktari waliwafunga marubani vipimo vya moyo wakati wa safari za vita. Mapigo yalipanda zaidi wakati wa kurushwa na wa kutua kuliko walipokuwa juu ya shabaha wakipigwa mizinga.

Pwani yetu nayo iliwaona. Julai 1976, baada ya Waisraeli kuwaokoa mateka Entebbe, Idi Amin aliitishia Kenya kwa kuwasaidia Waisraeli hao. USS Ranger iliagizwa kutoka Mashariki ya Mbali mpaka mbele ya pwani ya Kenya. Haikurusha hata kombora moja. Ilikaa tu ionekane.

1978–2018

Tarehe 27 Novemba 1978, Phantom ya kikosi cha 892 ilirushwa kutoka Ark Royal, ikawa ya mwisho kurushwa kwa manati kutoka meli ya Uingereza. Mkiani kikosi hicho kilikuwa kimechora herufi Omega, ya mwisho katika alfabeti ya Kigiriki. Walijua.

Kilichofuata kilikuwa Sea Harrier, inayoweza kutua wima, na sitaha fupi zilizoinuliwa omoni kwa ubunifu wa Luteni Kamanda Doug Taylor. Mwaka 1982 ziliondoka 20 kwenda Falklands kupigana na Argentina, juu ya manowari Hermes na Invincible, nyingine zikafuata baadaye, na hakuna iliyoangushwa katika mapambano ya ndege kwa ndege. Marubani wa wanamaji wa Argentina walikuwa na kisa kigumu zaidi. Manowari yao, 25 de Mayo, ilirudishwa bandarini baada ya meli yao Belgrano kuzamishwa, hivyo watu waliofunzwa kutoka sitahani wakalazimika kuruka kutoka nchi kavu, mafuta yakiwatosha kwa shida. Tarehe 21 Mei, Skyhawk zao tatu ziliishambulia HMS Ardent, iliyozama. Sea Harrier zikawakuta wakirudi. Zote tatu zikapotea.

Sea Harrier iliondolewa Machi 2006, na Septemba mwaka huohuo Wamarekani wakastaafisha F-14 Tomcat. Baada ya Harrier za mwisho kustaafishwa mwaka 2010, Uingereza ikaingia miaka mingi bila jeti yake ya baharini, na ili ujuzi usife ikawapeleka marubani vijana kwenye meli za Marekani. Huko walirushwa kwa manati ya mvuke ya Mitchell, wakafuata mpira wa mwanga uliotokana na kioo cha Goodhart, wakatua kwenye sitaha ya Cambell. Ufaransa nayo, ilipojenga Charles de Gaulle, ilinunua manati Marekani.

Tarehe 25 Septemba 2018, Kamanda Nathan Gray aliishusha F-35B juu ya HMS Queen Elizabeth, manowari kubwa kuliko zote ambazo Uingereza ilikuwa imewahi kujenga. Haina manati, haina nyaya, na sitaha yake imenyooka.